Kuhusu uchovu wa zamu ndefu za usiku wodini

Dada yangu, umeuliza kama uchovu unaokulemea kila zamu ya usiku inapokaribia kwisha ni udhaifu wako, kwa kuwa msimamizi wako amekuambia kwamba wauguzi wa zamani walivumilia bila kulalamika. Nimehudumu katika wodi ya watoto huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa miaka 14, na nakusihi usiyakubali maneno hayo.

Kwenye ratiba, zamu yetu ilianza saa 2 usiku na kuisha saa 2 asubuhi. Lakini baada ya hapo palikuwa na ripoti ya kukabidhi wodi, na anayekupokea akicheleweshwa na mvua, huwezi kuwaacha wagonjwa peke yao. Malaria ilipopamba moto tulibaki wauguzi 2 kwa watoto zaidi ya 50, wengine wakilala wawili wawili kitanda kimoja. Miguu ilivimba, mgongo uliuma, na hayo yalipungua nilipolala. Kilichonitisha ni jinsi akili inavyochoka bila mwenyewe kutambua.

Alfajiri moja, yapata saa 11, nikiwa katika usiku wa sita mfululizo, nilitayarisha atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ya mtoto wa kilo 10. Dozi yake ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 30. Dawa hiyo ikichanganywa kwa kuchomwa kwenye mshipa, kila mililita huwa na miligramu 10. Ikichanganywa kwa kuchomwa kwenye msuli, huwa na 20. Niliichanganya ya msuli, kisha nikavuta mililita 3 kana kwamba ni ya mshipa, na nilikuwa nimeshaushika mkono wa mtoto, ndipo mwenzangu aliponiuliza nimeongeza maji kiasi gani. Mtoto yule angepata dozi maradufu. Hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya kila siku kwa miaka mingi. Elimu ninayo, usingizi ndio sikuwa nao.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba uwezekano wa muuguzi kukosea huwa mara 3 zaidi zamu inapofikia muda wa saa 12 na nusu au kupita hapo. Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka kikomo cha saa 48 kwa wiki, na kwa wanaofanya kazi kwa zamu inaruhusu kuzidisha, mradi wastani wa wiki 3 usipite saa 10 kwa siku au saa 56 kwa wiki. Usiku wangu 6 peke yake ulikuwa saa 72, bila kuhesabu muda wa makabidhiano.

Kwa hiyo andika katika daftari lako saa uliyoingia na saa uliyotoka hasa, kwa wiki 3, kisha umpelekee msimamizi hesabu hiyo badala ya malalamiko; sisi tulipofanya hivyo, usiku wa mfululizo ulipunguzwa hadi 4. Nami tangu alfajiri ile, ikishapita saa 9 usiku, simchomi mtoto dawa yoyote kabla mwenzangu hajakagua kichupa na bomba la sindano kwa macho yake, hata ikibidi nimwite kutoka upande wa pili wa wodi.