Mashine Ikinyamaza Usigeuke: Maswali Yenu Kuhusu Vipimo vya Picha

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Mgongo unamsumbua na ganzi inashuka hadi mguuni. Daktari amemwandikia MRI ya kiuno, lakini jirani amemwambia mashine yenyewe ni kama kaburi, na sasa hataki kusikia habari zake. Humo ndani kukoje, na tumwandaeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mfikishie mama shikamoo na pole zetu. Kaburi halina matundu mawili. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, iko wazi mbele na nyuma, ina taa na feni. Ni kweli tundu lenyewe ni jembamba, sentimita 60 hivi, au 70 kwa mashine mpya. Kwa kuwa kinachopigwa ni kiuno, muulizeni mtaalamu kama mama anaweza kuingizwa kwa kutanguliza miguu. Hapo kichwa hubaki karibu na mlango, na kwa mwenye hofu hilo ni nafuu kubwa. Atapewa mpira mkononi: akiuminya, wanamsikia na kumtoa.

Kelele zitamshtua msipomwambia mapema. Ndani ya sumaku kuna koili zinazopitishiwa umeme unaowashwa na kuzimwa upesi upesi, nazo hutikisika na kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Asikubali kuanza bila vizibo vya masikio au hedifoni.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloharibu picha nyingi. MRI ya kiuno huchukua dakika 20 hadi 30, lakini haipigwi kwa mkupuo mmoja. Ni mafungu kadhaa, kila moja dakika 3 hadi 5, na kati ya fungu na fungu mashine hunyamaza. Mgonjwa husikia kimya, hudhani imekwisha, akajinyoosha au akageuza kiuno. Fungu linalofuata limeshapangwa kwa kufuata picha za mwanzo; kiuno kikisogea hata kidogo, vipande vya picha vinakatwa mahali pasipotakiwa na kazi inarudiwa. Akitaka kumeza mate au kukohoa, afanye wakati wa kimya, ila mgongo ubaki pale pale ulipolazwa.

Mwenye maumivu ya mgongo hatulii kwa kuambiwa tu “tulia”. Mwombeeni mto chini ya magoti, aende haja ndogo kabla, na mmuulize daktari kama anaweza kumeza dawa yake ya maumivu saa moja kabla ya kipimo.

Kuhusu vyuma, sumaku ya MRI haizimwi baada ya kila mgonjwa. Inavuta hata chumba kikiwa kimya kabisa. Mama avue heleni, kipini, pini za ushungi, sidiria, chupio za nywele na meno ya kutoa. Shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya zivuliwe, na hirizi pia, kwani ndani yake huenda kuna bati au sindano. Wanja auoshe. Simu, saa na kadi ya benki vibaki kwako wewe, nje. Wewe nawe usiingie bila kukaguliwa: mwaka 2018 mjini Mumbai, India, ndugu wa mgonjwa alifariki baada ya kuingia chumba cha MRI na mtungi wa oksijeni, ukavutwa pamoja naye.

Aseme bila kuficha kama ana betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kipande cha risasi, au chuma cha kuungia mfupa. Vyuma vingi vya mifupa havizuii kipimo, ila mwende na karatasi ya upasuaji. Na msomaji mwingine yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kukata vyuma aseme pia, maana chembe ya chuma iliyobaki jichoni ikivutwa inaweza kumpofusha. Huyo huanza na eksirei ya macho.

SWALI: Nimeandikiwa CT scan ya tumbo (picha za ndani zinazopigwa kwa mionzi) yenye dawa ya kuchomwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Nina mzio wa kamba na kaa, na nimeambiwa dawa hiyo ina iodini. Pia ninanyonyesha. (Mama, Mombasa)

JIBU: Dada, kamba na kaa wasikuzuie. Mzio wao unatokana na protini ya nyama yao, si iodini. Imani hii imeenea sana, na inawachelewesha watu vipimo bila sababu. Wanachohitaji kujua ni kama dawa yenyewe iliwahi kukudhuru, kama una pumu, shida ya figo au tezi ya shingo, na kama unameza metformin, dawa ya kisukari. Figo hupimwa kwanza kwa damu, kipimo cha kreatinini.

Dawa husukumwa kwa pampu, mililita 3 hivi kwa sekunde. Joto litapanda kooni na kushuka hadi nyonga, na utaapa umejikojolea. Hujajikojolea, na hupita ndani ya dakika moja. Lakini mkono ukiuma na kuvimba pale penye sindano, dawa inavuja nje ya mshipa: piga kelele hapo hapo. Fanya hivyo pia ukiwashwa mwili au koo likibana. Baada ya kipimo kaa hospitalini nusu saa.

Endelea kunyonyesha. Kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya dawa, na utumbo wa mtoto hufyonza sehemu ndogo sana ya hicho. Ila kama hedhi imechelewa, sema kabla ya kulala kitandani, kwa sababu CT hutumia mionzi.

SWALI: Kwa nini ultrasaundi moja naambiwa nisile, nyingine ninywe maji mpaka kibofu kiume? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ukila, mfuko wa nyongo hujikamua na kusinyaa, na mawe yaliyomo huwa magumu kuonekana; kwa hiyo tumbo la juu hutaka usile kwa muda wa saa 6 au zaidi. Kwa kizazi ni kinyume. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo wenye gesi pembeni, na mawimbi ya sauti hayapiti kwenye gesi. Kunywa lita moja, umalize saa moja kabla, usiende haja. Ukizidiwa kabisa, mwambie mpimaji; kibofu kilichojaa kupita kiasi hukandamiza kizazi, na huenda akakuruhusu upunguze kidogo.