Ukipokea vocha, unasaini mikataba miwili

Ukimpangisha mtu mwenye vocha ya Section 8 hapa Marekani, yaani msaada wa serikali unaomlipia sehemu ya kodi, unaingia mikataba miwili: mmoja na mpangaji, mwingine na mamlaka ya nyumba ya eneo lako, yaani ofisi inayosimamia fedha za HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu. Wanaoanza kazi hii huusoma ule wa kwanza na kuuacha wa pili kwenye bahasha. Matatizo mengi niliyoyaona yalikuwa yameandikwa waziwazi humo ndani ya bahasha.

Kwanza, kumchuja mpangaji ni kazi yako. Ofisi imepima kipato chake. Haijakuthibitishia kwamba anatunza nyumba wala kwamba analipa kwa wakati. Mpigie mwenye nyumba wake wa zamani, tumia vigezo vilevile unavyotumia kwa wengine. Ila kumkataa kwa sababu tu ana vocha ni kosa la kisheria katika majimbo kadhaa, California likiwemo. Na kama ulikuwa umepanga kumpa nyumba mama yako au mdogo wako, sahau, isipokuwa ofisi imeruhusu kwa sababu ya ulemavu.

Ukaguzi wa nyumba ambao ofisi hufanya kabla ya kuanza kulipa ndio unaowatisha watu, na sijui kwa nini. Mkaguzi hatafuti marumaru mpya. Anataka king'ora cha moshi kinacholia, madirisha yanayofunga, maji ya moto, ngazi yenye mahali pa kushika, na, kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978 na kuna mtoto wa chini ya miaka sita, rangi isiyobanduka, kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi iliyokuwa kwenye rangi za zamani. Zunguka mwenyewe siku moja kabla, ukijaribu kila swichi na kila bomba. Usimkabidhi mpangaji funguo kabla nyumba haijapita, maana kwa kawaida siku hizo ofisi hailipi.

Baada ya hapo ukaguzi hurudi. Kasoro ya hatari kwa maisha, kama gesi inayovuja, una saa 24 kuirekebisha. Nyingine kwa kawaida siku 30. Ukichelewa, ofisi inasimamisha sehemu yake ya kodi, na pesa ya kipindi hicho hairudi. Huwezi kumdai mpangaji pengo hilo, wala kumfukuza kwa ajili yake. Kama ni yeye aliyevunja, hilo ni jambo jingine, lakini utahitaji ushahidi. Kwa hiyo piga picha kila chumba, hata ndani ya kabati la sinki, kabla hajaingiza godoro.

Sasa pesa, na hapa ndipo watu wazuri hupotea. Tuseme kodi iliyokubaliwa ni dola 1,400: ofisi inaleta 950, mpangaji 450. Wewe unaamini nyumba ni ya 1,500, ofisi imekataa baada ya kuilinganisha na nyumba nyingine za eneo hilo. Mpangaji, kwa hofu ya kuikosa, anakwambia, “Hiyo mia nitakupa mkononi.” Usiipokee. Haijalishi kama mmekubaliana au mmeiita ya maegesho wakati maegesho tayari yamo kwenye kodi. Hayo ni malipo ya pembeni, na serikali huyahesabu kuwa udanganyifu: wewe unaweza kutolewa kwenye mpango na kudaiwa, yeye anaweza kupoteza vocha aliyoisubiri miaka. Kama bei haikufai, kataa kabla ya kusaini. Ukitaka kupandisha kodi baadaye, subiri kipindi cha kwanza cha mkataba kiishe, kisha iarifu ofisi angalau siku 60 kabla.

Soma pia kila barua ya ofisi. Kipato cha mpangaji kikibadilika, ile 450 inaweza kuwa 300 au 600, na ukiendelea kudai kiwango cha zamani umeshamtoza zaidi bila kujua.

Ikifika hatua ya kumtoa, unafuata mahakama kama kawaida, lakini nakala ya notisi lazima iende ofisini. Maadamu bado anaishi humo, ofisi huendelea kulipa sehemu yake hadi mahakama iamue. Akihama ghafla, iarifu ofisi siku hiyohiyo. Malipo ya miezi inayofuata si yako, na yakiingia kwenye akaunti itabidi uyarudishe.