Nyumba ukutani imeandikwa HAIUZWI na niliinunua, soma hapa kama na wewe kuna nyumba umeipenda

Juzi kuna dada kaniandikia inbox. Kaona nyumba Sinza, iko kona nzuri, haina bango la kuuzwa, ndani anaishi mama mmoja mtu mzima, anauliza aanzie wapi maana dalali anataka hela ya usumbufu kwanza ndio akamuongeleshe huyo mama. Dada yangu usitoe hiyo hela.

Mimi nyumba ninayoishi hapa Magomeni ilikuwa na maandishi mekundu ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, na niliinunua bila dalali hata mmoja, najivunia mpaka kesho. Wengi wakiona yale maandishi wanageuza. Lakini hapa Dar si tunajua, ndugu mmoja anauza nyumba wenzake hawana habari, mtu yuko safari anarudi anakuta mafundi wanabomoa, kwa hiyo mwenye nyumba anajikinga na hao, hajasema hataki kuongea na mtu mstaarabu.

Nilianzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Akanipeleka, tukamkuta mzee barazani, shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani, na habari za kununua siku hiyo sikuzigusa kabisa. Tuliongea wapangaji wasiolipa, tukaongea mafuriko ya Jangwani ya 2011, akanionyesha mpaka uani. Niliporudi tena ndio nikamwambia mzee wangu, siku ukifikiria kuhama naomba mimi niwe wa kwanza kupigiwa, nikamwachia namba kwenye karatasi nikaondoka. Sikutaja bei. Ukitaja bei mapema mtu anaona umekuja kumhamisha kwake.

Katikati hapo naruka, ni kusubiri tu. Alipopiga, kumbe kinachomsumbua sio bei, ni ataenda wapi. Alitaka Chanika, sehemu ya kufuga kuku. Basi nikazunguka naye Chanika kutafuta, na hapo ndio nikaelewa, mtu ambaye hakuwa anauza hesabu zake anazipiga kwa kule anakokwenda, majirani wameuza shilingi ngapi haimhusu. Nyie mnaokwenda na makadirio ya soko mkononi ndio maana mnafukuzwa.

Sasa kuna kitu mpaka leo roho inaniuma. Dalali mmoja wa mtaani alisikia, akaenda kwa watoto wa mzee kuwaambia mimi tapeli, nimemlisha baba yao maneno. Nikaitwa tapeli mchana kweupe mbele za watu, mtoto wa watu mimi sijamdhulumu mtu! Sikujibizana nao. Nikaomba watoto wote waje tukae na mjumbe na mwanasheria wangu, na pale kwenye kikao ndio ikajulikana hati ina jina la marehemu mama yao. Yaani mzee peke yake asingeweza kuniuzia hata angetaka. Ikabidi waende Mahakama ya Mwanzo wafungue mirathi, mzee akateuliwa msimamizi, ikatoka ile Fomu namba 4 ya kumthibitisha usimamizi, ndio tukaandikishana, watoto wote wakasaini. Wale wale walioniita tapeli.

Ndugu zangu, nyumba isiyouzwa ina wenyewe wengi kuliko yule unayemuona barazani, watafute wote, waheshimu wote, acheni tabia ya kumvizia mzee peke yake na bahasha ya hela.

Kwa hiyo dada wa Sinza, nenda kwa mjumbe kwanza. Ukishaelewana na huyo mama muulize kwa adabu habari za mumewe, kama ndoa bado ipo basi hata kama baba anaishi kwingine ridhaa yake lazima, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 iko wazi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uangalie nyumba imeandikishwa kwa jina la nani, angalia na muda wa hati, kuna hati za miaka 33 zimeisha na mwenyewe hajui, angalia na deni la pango la ardhi. Hela ipite benki, sio mkononi, hata kama huyo mama ameshaanza kukuita mwanangu.