Na hiyo mila ilianza lini?

Mwanangu,

Umeuliza tofauti ya utamaduni, mila na desturi, kwa kuwa mchumba wako anasema mahari ni desturi tu, na desturi huachwa. Haya. Utamaduni ni maisha yote ya watu: lugha, imani, ngoma, wanavyozika na wanavyotaniana. Mila ni yale tuliyorithi ambayo ukiyavunja utaitiwa kikao. Desturi ni mazoea. Ukiiacha watu watanong'ona wiki mbili, basi. Mimi linalonisumbua ni jingine: nani ana ruhusa ya kuyabadilisha? Mbona mkubwa akiongeza lake linaitwa mila, na mdogo akipunguza anaitwa mtovu wa adabu?

Siku ya posa ya dada yako wewe ulikuwa jikoni. Baba yako mkubwa alikaa na karatasi yake, anaisoma kama hakimu: mbuzi, mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, halafu simu ya mjomba. Mshenga akauliza, tena kwa adabu, kama simu nayo ni mila. Akapigwa faini palepale kwa kuhoji wazee. Ndipo bibi yako, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mimi nilitolewa majembe. Hilo blanketi nalisikia leo." Watu walicheka hadi karatasi ikakunjwa! Ila faini haikurudishwa. Mzee wa watu, mwenye mvi zake, alitoa noti mfukoni mkono ukimtetemeka, na hilo halijanitoka.

Nasema siku zote: mila isiyoulizika ni amri ya mtu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 yenyewe inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa. Na zile kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, si zilimkataza mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithi? Ikawa mila, haiguswi, mpaka mmoja alipouza, kesi ikafika kwa Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, na mwaka 1990 akaamua kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume.

Lakini sasa najibishana mwenyewe. Blanketi lile lililetwa, na bibi yako hakulala bila hilo hadi alipotutoka. Kila mgeni alionyeshwa: "Nimeletewa na mume wangu mdogo." Furaha ile jaji gani angeiandika? Kwa hiyo mchumba wako akisema "desturi tu", hiyo "tu" inanikera.

Sasa mahari idaiwe au isidaiwe? Hukuniuliza, na ninavyotamani kujibu Mungu ndiye anajua. Nanyamaza. Baba yako mkubwa ameshaanza kuandika, ila nimemwambia karatasi ipite kwangu kwanza. Mshenga wenu aje Jumamosi asubuhi. Simu ya mjomba safari hii haimo.

Mama yako