Ukianza kuzisoma nyambizi za aina ya T, jedwali liweke kando kwanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mstari mmoja tu. Niliandika kwamba nyambizi ya Kiingereza HMS Triton ilikuwa na mirija 11 ya kufyatulia torpedo, yale makombora ya chini ya maji. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa meli akanisoma, akaniuliza: "Huo wa kumi na moja umeuweka wapi, tezi au omo?" Yaani nyuma ya chombo au mbele. Nikakosa jibu. Namba nilikuwa nimeiokota kwenye jedwali la aina ya T, ule ukoo wa nyambizi za Kiingereza za Vita vya Pili vya Dunia, na kuibandika kwa Triton, kumbe Triton haikuwa na mrija wa nyuma hata mmoja. Ilipotea Desemba 1940, kabla hata mabadiliko ya kuongezewa mrija huo hayajaifikia.

Tangu siku hiyo sisemi "nyambizi ya aina ya T" mpaka nijue ni ipi. Ziliundwa 53. Triton, ya kwanza, iliingia kazini 1938, na za mwisho zilikamilika vita vimeshakwisha. Hata injini zilitofautiana kulingana na karakana. Kwa kila moja uliza iliagizwa lini, ilijengwa wapi, na baadaye ilifanyiwa nini.

Anzia kwenye mirija, maana ndiko kwenye utamu. Za mwanzo, yaani kundi la kwanza kati ya matatu, zilikuwa na mirija 10, yote ikitazama mbele: sita ndani ya nyambizi, miwili nje kwenye omo, na miwili nje katikati. Kwa nini mingi hivyo? Wakuu wa majini waliamini sona ya adui, kifaa cha kugundua nyambizi kwa mwangwi wa sauti, itazilazimisha nyambizi kufyatua zikiwa mbali, na anayelenga kwa mbali sharti atume nyingi kwa mpigo ili angalau moja ipate. Mirija ya ndani iliweza kujazwa tena baharini. Ya nje ukishaifyatua basi, mpaka urudi bandarini. Piga hesabu mwenyewe: sita mara mbili ni torpedo 12, ongeza nne za nje, ndizo zile 16 unazozikuta vitabuni. Ukiielewa hesabu hii huna haja ya kuikariri.

Vita vilipoanza, udhaifu ukaonekana: nyambizi iliyopitana na shabaha yake, au inayofukuzwa, haikuwa na cha kurusha nyuma. Kundi la pili likaigeuza ile mirija miwili ya katikati itazame tezi, na mmoja ukaongezwa tezini kabisa. Huo ndio wa kumi na moja wa yule mzee. Baadhi ya zile za zamani ziliongezewa wa nyuma zilipoingia matengenezoni, kwa hiyo picha ya 1939 na ya 1942 za nyambizi ileile zaweza kupingana, na zote zikawa za kweli. Kwenye picha hizo tazama omo. Za mwanzo zimevimba pua kama shavu la mtu mwenye jino bovu, sababu ni mirija ya nje. Uvimbe huo uliisumbua nyambizi kwenye mawimbi, ndipo baadaye mirija ikasogezwa nyuma na pua ikachongoka.

Kundi la tatu ni habari ya kuchomelea mabamba badala ya kuyaunganisha kwa ribiti, yaani misumari ya chuma, hata kina salama kikatoka futi 300 hadi 350, na ya matangi ya maji yaliyogeuzwa ya mafuta kwa safari ndefu za Mashariki ya Mbali.

Majina nayo yatakuchezea. Kulikuwa na Talent mbili: ya kwanza walipewa Waholanzi, wakaiita Zwaardvisch. P311 ilipotea haijapewa jina. Na Thunderbolt ndiyo ileile Thetis.

Thetis isome polepole. Tarehe 1 Juni 1939, ghuba ya Liverpool, safari ya majaribio. Ndani mna watu 103, karibu mara mbili ya kawaida, maana mafundi wa karakana nao wamo. Nyambizi inagoma kuzama, ni nyepesi mno, na ofisa anataka kujua kama mirija namba 5 na 6 ina maji. Kila mlango wa nyuma wa mrija una koki ndogo ya kupimia: unaifungua, maji yakichuruzika ujue mrija umejaa. Ya namba 5 haikutoa hata tone. Kitundu chake kilikuwa kimezibwa na rangi. Mlango ukafunguliwa, na kifuniko cha upande wa bahari kilikuwa wazi. Wakafa 99, wakatoka wanne. Baada ya hapo milango hiyo iliwekewa kishikizo kinachoiruhusu kuachia upenyo tu kwanza. Thetis iliinuliwa, ikakarabatiwa, ikapigana kwa jina jipya hadi Machi 1943, ilipozamishwa na Waitalia karibu na Sicily.

Sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuzifuatilia. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. I-27 na wenzake walikuwa na kituo Penang, kisiwa cha Malaya, na nje ya Penang ndiko Taurus ya aina ya T ilikoizamisha I-34 Novemba 1943.

Ukitaka zoezi, chukua Tally-Ho, nayo ya aina ya T, iliyokuwa ikitokea Trincomalee, bandari ya Sri Lanka. Mwezi uleule wa Februari 1944, usiku, boti ya torpedo ya Kijapani iliikwaruza ubavuni, rafadha yake, yaani panga boi, ikayachana matangi ya kushoto. Matangi hayo hukaa nje ya kiwiliwili chenyewe, kama shogi juu ya punda. Ikarudi Trincomalee imelala upande. Tafuta mchoro wa nyambizi iliyokatwa katikati, weka kidole kwenye tangi hilo, uone yalibaki mabamba mangapi ya chuma kati ya rafadha na mabaharia.