Maswali ya Wasomaji: Kesi Nyingi Hufia Mezani, Siyo Porini

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha nne Kahama na nataka kuwa mpelelezi wa polisi. Naombaje nafasi hiyo, na nisome masomo gani?

JIBU: Marahaba, binti. Hakuna nafasi inayotangazwa ya upelelezi peke yake. Unaomba kwanza kuwa askari. Jeshi la Polisi linapotangaza ajira, maombi hutumwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni, na hayalipiwi; anayekudai fedha ili akupitishie jina ni tapeli. Uwe na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya shule, na majina yalingane herufi kwa herufi. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka pia urefu usiopungua futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake.

Ukichaguliwa unakwenda depo, Shule ya Polisi Moshi, kisha unapangiwa kituo. Kutoka hapo wakubwa wako ndio wanaokuona: nani anaandika maelezo yakaeleweka, nani anatunza siri. Hao ndio hupelekwa kozi ya upelelezi, kwa mfano Chuo cha Polisi Kidatu, mkoani Morogoro. Kituoni utakuwa chini ya mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye askari humwita OC-CID.

Kuhusu masomo, shika Kiswahili na Kiingereza kwa mikono miwili. Watu hudhani upelelezi ni mbio na bastola, kumbe saa nyingi zinakwisha kwenye kuandika. Kompyuta, uhasibu na kemia zitakusaidia pia, maana wizi siku hizi unapita kwenye simu na vitabu vya hesabu.

SWALI: Mtaani kwetu kijana alikamatwa na kidhibiti mkononi, tukashuhudia. Mahakama ikamwachia. Je, hakimu alihongwa?

JIBU: Hatuwezi kuisemea kesi hiyo, ila zipo njia nyingi za kesi ya namna hiyo kuanguka bila hongo yoyote, na nyingi zinaanzia mikononi mwa mpelelezi.

Kwanza ni utunzaji wa vielelezo, yaani vitu vinavyopelekwa mahakamani kama ushahidi. Chukua mfano wa pakiti za unga, yaani dawa za kulevya. Mpekuzi anatakiwa kujaza hati ya ukamataji mali palepale, mbele ya shahidi asiye askari, na wote wasaini pamoja na mtuhumiwa. Kila kitu kitajwe kwa idadi na alama. Kisha kifungwe, kipewe lebo yenye namba ya jalada, kiingizwe kwenye rejista ya vielelezo. Kila kinapohama, kutoka kwa mkamataji kwenda kwa mtunza vielelezo, kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi, iandikwe nani alitoa, nani alipokea, tarehe na saa. Mahakama ya Rufani ililiweka wazi hili katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007. Hati ikisema pakiti 3 na maabara ikapokea 2, wakili hahitaji hoja nyingine. Kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama pembe za ndovu, Mahakama imekuwa na ulegevu kidogo. Unga hauna bahati hiyo.

Pili ni maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu aliposhikiliwa, na akihitaji zaidi aongezewe muda kwa utaratibu, usiozidi saa 8. Kabla ya swali la kwanza amwambie kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya pili bila sababu ya kueleweka yanaweza kukataliwa. Yaliyopatikana kwa kipigo hayafai kabisa, na tunalisema hili kwa uchungu: kofi moja linaweza kumfungulia mlango mkosaji, au kumfunga asiye na hatia.

Tatu ni utambuzi. Shahidi akisema “nilimwona usiku”, mpelelezi aulize: taa ilikuwa ya aina gani, mwanga wake ulikuwaje, mlisimama umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulimjua kabla? Maswali hayo yamekuwa kipimo cha mahakama tangu shauri la Waziri Amani la 1980. Kama shahidi hamfahamu mtu huyo, liandaliwe gwaride la utambulisho, yaani mtuhumiwa apangwe mstarini na watu wengine ili shahidi amchague, watu wafanane umbo na mavazi, na shahidi asiwe amemwona mtuhumiwa kituoni akipita na pingu. Hapo ndipo magwaride mengi yanapoharibika, kwa uzembe wa dakika mbili kwenye korido.

SWALI: Mpelelezi aliyevaa kiraia akichukua simu yangu kama ushahidi, nidai nini?

JIBU: Dai kitambulisho chake, kisha hati inayotaja aina ya simu, laini na namba ya IMEI, ambayo ni utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# utaiona; iandike leo, uiweke mahali pengine nje ya simu hiyo.