Maswali ya Wasomaji: Jina la Ubatizo

*Tumsifu Yesu Kristo. Tuna mtoto wa kiume wa wiki tatu. Baba mkwe anataka aitwe Mazengo, jina la babu yake. Wifi anasema padre hatabatiza kwa jina la Kigogo, lazima liwe la mtakatifu. Tumsikilize nani? (Mama, Kizota, Dodoma)*

Milele amina, mama, na hongera kwa mtoto. Ombi la baba mkwe halina kosa. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Inaishia hapo, haidai jina la mtakatifu. Wifi naye hakubuni. Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, ilimtaka paroko ajitahidi mtoto apate jina la Kikristo, na akishindwa kuwashawishi wazazi, aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili daftarini. Sheria ilibadilika, mazoea yakabaki.

Wala jina la Kiafrika halipigani na utakatifu. Kizito, kijana aliyeuawa Namugongo mwaka 1886, alitangazwa mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 kwa jina hilohilo la kwao. Leo anayembatiza mwanawe Kizito hakuna anayemuuliza.

Hata hivyo tunawasihi mumchagulie mtoto somo, maana ni vizuri akue akijua kuna mtakatifu anayemwombea kwa namna ya pekee na sikukuu yake ni lini. Ugumu uko kwenye fomu. Kwetu fomu nyingi zina nafasi tatu, na jina la kati husomwa kuwa ni la baba. Mkimwandika Paulo Mazengo, kisha jina la baba na la ukoo, yanakuwa manne. Karani mmoja atadondosha Paulo, mwingine atadondosha Mazengo, na mtoto atafika darasa la saba akiwa na vyeti vya watu wawili.

Ushauri wetu: jina lake liwe moja, Mazengo, kwenye daftari la ubatizo na kwenye cheti cha kuzaliwa. Somo wake mwambieni padre mapema, tuseme Paulo wa Msalaba, ambaye ndiye somo wa Kanisa Kuu la Dodoma na sikukuu yake ni tarehe 19 Oktoba. Katika ibada kuna litania ya watakatifu, na somo wa mtoto anaweza kuongezwa humo. Mkipenda kinyume chake, Paulo kwenye vyeti na Mazengo nyumbani, hakuna ubaya, ila msichanganye.

Siku ya kuandikisha msilitamke tu. Liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, majina yote matatu, mmkabidhi katekista au karani wa parokia pamoja na tangazo la kizazi na barua ya jumuiya kama parokia yenu inaidai. Kisha hakikisheni anayejibu ni mmoja. Mwanzoni mwa ibada padre huuliza, "Mnampa mtoto huyu jina gani?" Baba akitaja moja na bibi nyuma yake akataja lingine, ugomvi wa nyumbani utakuwa umeingia kanisani.

*Binti yetu kwenye cheti cha ubatizo ni Agnesi, kwenye cha kuzaliwa ni Agness. Anakaribia kufunga ndoa. Je, ubatizo wake una kasoro? (Baba, Mpwapwa)*

Ubatizo ni halali kabisa. Kasoro ni ya karatasi, nayo ishughulikieni sasa, msingoje wiki ya kutangaza ndoa. Parokia ya ndoa itahitaji cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita, kwa sababu pembeni mwa daftari ndiko kunakoandikwa kipaimara na ndoa. Kwa hiyo arudi parokia alikobatizwa na cheti cha kuzaliwa pamoja na cha shule. Aangalie kwanza daftari lenyewe limeandikaje. Mara nyingi daftari liko sawa na aliyekosea ni aliyenakili cheti; hapo anaandikiwa kingine, yamekwisha. Kama kosa limo daftarini, mlete paroko uthibitisho, atafuata utaratibu wa jimbo. Msimwombe afute: maandishi ya awali hubaki na sahihisho huwekwa kama maelezo.

*Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati, hali mbaya, muuguzi akambatiza hospitalini kwa jina Maria. Sasa ni mzima. Tulikuwa tumepanga aitwe Monika. Abatizwe upya? (Mama, Chamwino)*

Hapana, mama, ubatizo haurudiwi. Penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza akiwa na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa: maji halisi yatiririke kichwani huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina la mtoto si sehemu ya uhalali, hata lisipotajwa kabisa, ubatizo umesimama.

Nendeni kwa paroko mapema na muuguzi huyo, au mtu mmoja aliyeshuhudia. Padre atauliza maji yalimwagwaje na maneno yalikuwa yapi, kwa hiyo shahidi aeleze alivyoona bila kuremba. Akiridhika, ataandika daftarini tarehe na mahali pa ubatizo ule wa hospitalini, siyo ya siku mtakayokwenda kanisani. Kama bado haujaandikwa popote, mwombeni aandike Monika. Mna sababu nzuri. Kisha mtoto hupelekwa kanisani kukamilishiwa ibada: mafuta ya krisma, vazi jeupe na mshumaa. Hapo wasimamizi wanahitajika: mmoja, au wawili wa kiume na wa kike, waliotimiza miaka 16, wenye kipaimara, na si baba wala mama wa mtoto.

*Babu yake ni Mwislamu na tunampenda. Mtoto anaweza kubatizwa Juma? (Baba, Kondoa)*

Anaweza. Juma halipingani na imani, na Wakristo wenye jina hilo ni wengi nchini. Mweleze padre kwamba mnamheshimisha babu, mumpe mtoto somo. Majina ya kukwepa ni ya matusi, ya laana, au ya kumsema jirani.

*Ni kweli Kristofa si mtakatifu tena? (Msimamizi, Bahi)*

Si kweli. Mwaka 1969 kumbukumbu yake iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, ikaachiwa majimbo na mahali anakoheshimiwa. Yeye mwenyewe bado yumo katika orodha ya watakatifu ya Roma, tarehe 25 Julai. Mbatizeni Kristofa.